Kamera za mirolesi (zisizo na kioo ndani) kwa sisi wa Mbeya: angalia mpira wa kuzuia maji kwanza

Lenzi yangu ya laki sita na nusu imekufa kwa fangasi. Niliinunua mtumba, muuzaji akaapa iko kama mpya, miezi minne tu nipo kwenye sendofu Tukuyu picha zinatoka kama nimepigia kwenye moshi, mama yake bibi harusi ananiuliza mwanangu mbona sura ya binti imefifia hivi, sikuwa na la kumjibu. Fundi alipomulika tochi tukaona nyuzinyuzi ndani, utando wa buibui kabisa.

Kwa hiyo megapikseli leo siongelei, zinatosha zote. Naongelea mpira, ule mwembamba unaozunguka pale lenzi inapokaa kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, unazuia maji na vumbi. Na lazima bodi iwe imezibwa na lenzi iwe imezibwa, kimoja peke yake ni kazi bure. Huku kwetu masika manyunyu hayakatiki, mwezi wa saba unatoka kwenye baridi unaingia ukumbi umejaa watu, lenzi inatoka jasho palepale, ukiirudisha kwenye begi na unyevu wake gizani humo fangasi anaota.

Namba moja kwangu ni Fujifilm na sifichi. Mfumo wao wa X upo tangu 2012, mtumba zipo, rangi za ngozi yetu zinatoka vizuri bila kuhangaika sana kwenye kompyuta, halafu lenzi iliyozibwa ina herufi WR kwenye jina lake, yaani inahimili mvua na vumbi, huhitaji kumuuliza mtu. Chukua kamera ya X-T3 au X-T4 na lenzi ya 35mm f/2 WR, ukitaka zumu 16-80 WR. Ila jamani X-T30 na X-S10 hazijazibwa, na ile lenzi ya 18-55 wanayoisifia wote haina WR, mimi hapo ndipo nilipoumia.

Ya pili Sony, kwa sababu ya wingi wa lenzi, Sigma na Tamron wanawatengenezea nyingi na bei inashuka. Sigma 18-50 f/2.8 ina mpira kwenye kiungio. Ile 16-50 ndogo inayokuja na kamera haina, iache hukohuko dukani.

Ya tatu Olympus, siku hizi OM System. Kwa mvua hawa ni wababe, lakini sensa yao, ile sehemu inayopokea picha ndani, ni ndogo, inashika mwanga kidogo na kumbi zetu zina giza. Nikon Z6 imezibwa vizuri pia. Canon R50 na R100 ni bei nafuu, hazijazibwa, basi.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei mpaka nije inboksi? Unaweka picha nzuri ya kamera, watu arobaini wanauliza bei, unajibu "njoo inboksi", ukienda kila mtu anatajiwa yake, na ukisema upo Mbeya inapanda. Halafu mzigo unakuja kwa basi, ukifungua una kasoro unaambiwa ulitoka mzima. Mimi pesa yangu haijarudi mpaka leo.

Siku hizi silipi kabla ya kuona video: lenzi imefunguliwa tundu lote la kupitisha mwanga, tochi inamulika kutoka nyuma, tunaangalia kwa mbele, taratibu. Asiyetaka kurekodi simnunulii. Na nyumbani lenzi zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, ninavyovikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu.