Huduma ya kusajili kaulimbiu: wakala mzuri, ila Zanzibar aliisahau

Nilipompelekea wakala wa alama za biashara kaulimbiu ya viungo vyangu, "Viungo safi vya pilau", aliikataa hapohapo, akieleza kwamba maneno yanayoitaja tu bidhaa na sifa yake hayamtofautishi muuzaji mmoja na mwingine, hivyo Msajili hawezi kuyakubali. Tulirudi na "Sufuria haifichi siri", iliyochapwa chini ya jina kwenye pakiti za gramu 50, naye akaiombea usajili BRELA, ofisi inayosajili biashara na alama zake Tanzania Bara, kwa njia ya mtandao, katika daraja la 30, yaani kundi la bidhaa ambamo viungo vimo.

Alinifafanulia vizuri kwamba ombi likikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwamba usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kasoro yake, nayo si ndogo kwa mtu anayeuza hadi soko la Darajani, Zanzibar, ni kutonieleza kwamba cheti cha Bara hakivuki bahari. Zanzibar ina ofisi yake ya usajili, BPRA, na ada nyingine. Nimempa nyota tatu.