Mashine za umeme za kukaza misuli ya miguu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Goti likishapasuliwa, paja huanza kunywea baada ya siku chache tu. Unauamuru msuli wa mbele ya paja ukaze, nao unakaa kimya. Si uvivu wako. Uvimbe na maumivu ya goti hutuma habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unaubana msuli usifanye kazi. Hapo ndipo mashine ya umeme ina faida ya kweli, kwa sababu haisubiri amri ya ubongo: inaiamsha neva inayoingia kwenye msuli, na msuli unakaza. Mara ya kwanza nilipoona pia ya goti langu, kile kifupa cha mbele, ikipanda yenyewe baada ya wiki kadhaa za ukimya, machozi yalinitoka.

Kwa hiyo mashine hizi nazipanga kwa kipimo kimoja: je, inaukaza msuli sawasawa, au inautekenya tu? Mwaka 1995 mtafiti Lynn Snyder-Mackler na wenzake walilinganisha wagonjwa waliotengenezewa kano ya msalaba iliyo ndani ya goti. Waliopata umeme mkali kliniki walirudisha nguvu ya paja vizuri kuliko waliopewa vimashine dhaifu vya nyumbani. Tofauti kubwa ilikuwa ukali wa mkazo.

Kabla ya kuchagua, elewa umeme unafanya nini mguuni. Ukikaza msuli mwenyewe, ubongo huanza na nyuzi ndogo zisizochoka upesi, kisha huita zile kubwa, na huzipokezanisha zamu. Umeme haujui zamu. Unaziita nyuzi zilizo karibu na pedi zinazobandikwa kwenye ngozi, ndogo kwa kubwa, zote kwa mpigo mmoja, na pigo linalofuata linaziita zile zile. Ndiyo maana msuli huchoka haraka sana, na nyuzi za ndani hazifikiwi mpaka uongeze nguvu. Yakov Kots, aliyefanya kazi na wanamichezo wa Kisovieti miaka ya 1970, alitumia sekunde 10 za kukaza na sekunde 50 za kupumzika, mara 10 tu. Mapumziko hayo marefu ni sehemu ya dawa. Mashine isiyokuruhusu kuyapanga imepungukiwa na kitu kikubwa.

Nafasi ya kwanza: mashine ya mkononi ya EMS (umeme wa kukaza misuli) yenye waya, chaneli (jozi za pedi) 2 au 4

Haina urembo, lakini kwa mtu anayetaka kurudisha paja, hakuna inayoishinda. Soma kijitabu chake kabla ya kulipa. Muda wa pigo moja ufike mikrosekunde 300 hadi 400, kwa sababu paja ni msuli mkubwa na mapigo mafupi hulazimisha umeme mkali zaidi unaouma. Masafa, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, yaweze kupangwa kati ya hezi 35 na 80 hivi. Chini sana ya hapo msuli unarukaruka badala ya kukaza. Nguvu iandikwe kwa miliampea, na ifike 80 au zaidi. Muuzaji akikuandikia "viwango 20 vya nguvu" bila kukuambia ni miliampea ngapi, hujaambiwa kitu.

Angalia pia kama umeme unapanda taratibu kwa sekunde moja mpaka tatu kabla ya kufika kileleni. Bila hilo kila mkazo ni kama kushtuliwa usingizini, na baada ya siku mbili mashine itarudi kabatini. Mawimbi yawe ya kwenda na kurudi, maana umeme wa upande mmoja ukitumika kwa muda unaweza kuunguza ngozi.

Chaneli 2 zinatosha mguu mmoja. Chaneli 4 zinafaa ukitaka mapaja yote mawili au paja na shavu la mguu kwa wakati mmoja. Na pedi ziwe kubwa, sentimita 5 kwa 9. Pedi ndogo hukusanya umeme mahali padogo, ngozi inauma kabla msuli haujakaza.

Nafasi ya pili: mashine ya TENS na EMS kwa pamoja

Hapa wengi hununua wasichokihitaji. TENS imetengenezwa kwa ajili ya neva za hisia: inatekenya ili maumivu yafifie. Haikusudiwi kujenga msuli. Nje zinafanana, waya zile zile, pedi zile zile. Tafuta sehemu ya kupanga sekunde za kukaza na za kupumzika. Isipokuwepo, umeshika TENS tupu, hata boksi liandikwe nini. Ikiwepo, na miliampea zinatosha, mashine ya pamoja ni nzuri kwa mwenye goti linalouma na paja lililonywea.

Nafasi ya tatu: vipande visivyo na waya

Vinatembea nawe, na kwa mwanamichezo anayetaka mapigo ya polepole baada ya mbio ni raha. Shida ni pedi. Jeli huisha kunata baada ya matumizi 20 au 30 hivi, na vingi kati ya vifaa hivi hukubali pedi za kampuni yake tu. Kampuni ikiacha kuzitengeneza, kifaa kimekufa kikiwa kizima. Ukiamua kuchukua hivi, nunua na pedi za akiba siku hiyo hiyo.

Nafasi ya nne: sahani ya kukanyagia

Umeme unaingia wayo mmoja na kutokea mwingine, na misuli ya chini ya goti inatikisika. Shavu la mguu ni pampu: likikaza linakamua damu ya vena kuipandisha kuelekea moyoni. Kwa anayekaa kutwa nzima miguu ikamjaa, sahani ina nafasi yake. Usiitarajie ijenge paja, kwani umeme unafika huko ukiwa umesambaa. Na ukiweza kutembea, kutembea kunaifanyia pampu hiyo kazi bora.

Nisizozipa nafasi

Kwanza, vile vipande vya kunata vyenye kitufe cha kuongeza na kupunguza tu, vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza unene wa mapaja. Mkazo wa umeme hauyeyushi mafuta yaliyo chini ya pedi. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya umeme ya tumbo kwa madai ya aina hiyo, na maneno yale yale sasa yamehamia miguuni.

Pili, suti ya umeme ya mwili mzima bila msimamizi. Kukaza misuli mingi kwa nguvu siku ya kwanza kumewapeleka watu hospitali, misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Mkojo ukigeuka rangi ya chai, usingoje kesho.

Tatu, kifaa cha kunyanyua wayo unaoburuta baada ya kiharusi. Hiki ni kizuri kweli. Wazo lake lilionyeshwa na Liberson na wenzake mwaka 1961. Lakini hakinunuliwi kwa kubahatisha. Mtaalamu wa fiziotherapia akupime kwanza, kwa sababu neva yenyewe ikiwa imekatika, mashine za kawaida haziuamshi msuli.

Usinunue yoyote kati ya hizi bila daktari ukiwa na pesimeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo), mimba, kifafa, damu iliyoganda mguuni au saratani mahali pa kuwekea pedi. Mwenye ganzi ya kisukari nami namsihi asubiri: ngozi inaweza kuungua asijue.

Mashine ikifika, ijaribu siku hiyo hiyo. Keti, goti limekunjwa kidogo, ngozi safi na kavu. Pedi moja sehemu ya juu ya paja kwa upande wa nje, nyingine juu kidogo ya goti kwa upande wa ndani. Panda taratibu, na kila umeme unapokuja, kaza na wewe pamoja nao. Mwenye mafuta mengi pajani atahitaji nguvu zaidi. Ukifika mwisho wa kitufe na pia ya goti bado imetulia, badilisha mahali pa pedi mara moja au mbili. Ikikataa tena, irudishe kabla muda wa kurudisha haujaisha.