Gari la kuvuta tela la ng'ombe Lindi na Mtwara: lipi ununue, lipi uliache

Malipo ya korosho yakishaingia kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), yadi za magari Masasi na Mtwara mjini zinajaa watu wanaoulizia pikapu. Kwa mfugaji au mfanyabiashara wa ng'ombe swali huwa moja: "Hii inavuta?" Inavuta. Karibu kila pikapu ya dizeli italing'oa tela la tani mbili lilipo na kuondoka nalo. Ninachokuomba uulize kabla hujatoa hela ni kitu kingine. Ng'ombe wamo ndani, unashuka kutoka Newala kwenda Masasi, mbuzi wamekatiza barabara: gari hili litalisimamisha tela hilo?

Swali hili halikuwa na uzito kusini miaka ya nyuma, kwa sababu ng'ombe walikuwa wachache. Tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 na wengi wao kuingia Kilwa, Liwale na Nachingwea, biashara ya mifugo imekua. Leo ng'ombe anayenunuliwa porini Liwale anaweza kuchinjwa Mtwara mjini. Kati ya huko na huku kuna vumbi, mchanga, lami na milima, na mwenye mzigo mdogo asiyetaka kukodi Fuso anaona bora awe na tela lake.

Anza na tela, gari baadaye

Matela mengi ya huku yanachomelewa gereji za mitaani: vyuma vizito, ekseli iliyotoka kwenye gari lililokufa, mbao chini. Mwenyewe akiulizwa lina uzito gani, anakisia. Usikisie. Lipeleke kwenye mizani ya magari likiwa tupu, uandike namba. Kisha piga hesabu ya mzigo. Ng'ombe wetu wa asili aliyekomaa ana kilo kati ya 200 na 350. Chotara wa Borani anaweza kupita 400.

Mfano: tela tupu kilo 850, ng'ombe wanne wa kilo 250 kila mmoja ni kilo 1,000, maji, majani na tairi la akiba kilo 50. Jumla kilo 1,900. Hiyo ndiyo namba unayokwenda nayo yadi, na muuzaji asikutoe hapo.

Sasa angalia breki za tela. Vitabu vya pikapu nyingi vinaruhusu tela lisilo na breki zake mwisho kilo 750, ukihesabu na mzigo. Tela la mfano wetu limeshapita kiwango hicho likiwa tupu. Kwa hiyo tela la ng'ombe lisilo na breki halina gari linalolifaa katika mwongozo huu wote, hata uongeze bei kiasi gani. Tafuta ekseli yenye breki kwanza. Za kawaida ni breki za msukumo: ukikanyaga breki za gari, tela linasukuma mbele, na msukumo huo unaingiza fimbo iliyo kwenye shingo ya tela (chuma cha mbele kinachoungana na gari), nayo inabana breki za tela. Hazihitaji waya wala kompyuta, ila kebo yake lazima irekebishwe na fimbo ipakwe grisi, maana mchanga wa Nanyamba na Tandahimba unaingia kila mahali.

Kiwango cha kitabuni na kiwango cha barabara zetu

Utaambiwa, na ni kweli, kwamba Ford Ranger 3.2 na Isuzu D-Max 3.0 zimeruhusiwa na watengenezaji kuvuta tela lenye breki hadi kilo 3,500. Hilux 2.8 nayo inafika huko katika nchi kadhaa. Namba hizo zinapimwa gari likiwa zima, tairi nzuri, lami safi. Uingereza, ambako kuvuta matela ni jambo la kila siku, anayeanza anashauriwa tela lililopakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Sababu ni nyepesi kuielewa: kinachozidi uzito ndicho kinachoamua mwelekeo. Tela likiwa zito kuliko gari, likianza kuyumba litalipeleka gari linakotaka.

Dabo kebini ya kisasa ina uzito wa takriban kilo 2,000 ikiwa tupu. Asilimia 85 yake ni 1,700. Tela letu la kilo 1,900 limezidi. Toa ng'ombe mmoja linashuka hadi 1,650. Kwa dereva mzoefu mwenye tela la breki nakubali kufikia uzito sawa na wa gari. Zaidi ya hapo siungi mkono, na kumbuka hawa ni wanyama. Gunia la korosho likifungwa linatulia. Ng'ombe anahama, anaegemea, anarudi nyuma ghafla akiogopa, na uzito wake uko juu, kwenye urefu wa miguu yake.

Kwa hiyo mpangilio ufuatao ni wa tela la kilo 1,500 hadi 2,000 likiwa limepakiwa.

1. Toyota Land Cruiser 79, dizeli 4.2

Hili ndilo chaguo langu la kwanza. Nyuma lina springi za mabamba zilizotengenezwa kwa mzigo, kwa hiyo shingo ya tela ikikaa juu yake haliinami kama gari la familia. Chasisi ni nene, gia ni za mkono, lina gia nzito za kuvukia tope, na injini kubwa inasaidia kushikilia gari mteremkoni ukiweka gia ya pili. Injini yake ya 1HZ haina kompyuta za kukutia wasiwasi, na fundi anayeijua utampata hadi wilayani.

Udhaifu wake uwekwe wazi. Injini hiyo haina tabo, na torki yake (nguvu ya kuvuta) ni Nm 285 tu, chini ya pikapu zote za kisasa zilizomo hapa. Kupanda mlima wa Newala na tela utapanda polepole, na magari yatapanga foleni nyuma yako. Sioni kama hiyo ni hasara. Hasara ya kweli ni bei, na kwamba singo kebini haina nafasi ya familia. Mengi yanayopatikana ni yaliyouzwa na mashirika na miradi, kwa hiyo lala chini uangalie chasisi. Gari lililofanya kazi za pwani kama Kilwa au Mikindani linaweza kuwa na kutu ndani ya chasisi huku bodi ikiwaka rangi mpya. Gonga kwa nyundo ndogo, hasa pale springi za nyuma zinaposhikilia.

2. Toyota Hilux 2.8, kuanzia 2015

Kama unahitaji gari moja la kuvuta tela na kupeleka watoto shule, nunua hili. Ina nguvu kuliko Land Cruiser 79 kwa mbali, spea zipo, na ukiiuza inarudisha hela nzuri. Angalia tu usiuziwe ya 2.4 kwa bei ya 2.8, bodi zinafanana. Ile ya 2.4 si mbaya, ila tela na mzigo wake visizidi kilo 1,500.

Hilux ya 3.0 D-4D iliyotangulia bado inafaa. Pima nozeli kabla ya kununua, maana hapo ndipo injini hiyo hulia, na seti ya nozeli mpya inaweza kumaliza akiba uliyodhani umeipata kwenye bei.

3. Isuzu D-Max 3.0

Injini tulivu, inavumilia, na haiombi mafuta mengi. Iko nyuma ya Hilux kwa sababu ya upatikanaji wa spea tu. Ukiwa na fundi wa Isuzu Mtwara unayemwamini, ipandishe iwe ya pili.

4. Ford Ranger 3.2

Kwa namba hii ingekuwa juu: Nm 470, na mfumo unaohisi tela likianza kuyumba na kubana breki wenyewe. Mfumo huo unaokoa maisha, na natamani kila pikapu ingekuwa nao. Ila gari hili lina umeme mwingi. Likizimika Liwale wakati wa masika na ng'ombe wanne juani, kompyuta ya kulisoma iko mbali, na kifaa kinaweza kusubiriwa kutoka Dar es Salaam. Ni nzuri kwa anayezunguka kwenye lami ya Mtwara, Lindi na Masasi.

5. Mitsubishi L200 2.4 na Nissan Navara 2.3

Zote zina nguvu ya kutosha, kitabuni kilo 3,100 kwa L200 na 3,500 kwa Navara. Nunua ukipata iliyotunzwa kwa bei nzuri.

Hilux 2.5 ya zamani na Nissan Hardbody 2.5 ziache kwa tela la mbuzi au ndama, kilo 1,200 kushuka chini. Prado wengi wanaiuliza. Nyuma ina koili laini, shingo ya tela ikiikalia inainama, mbele inapepesuka na usukani unakuwa mwepesi. Kwa tela dogo sawa, kwa ng'ombe hapana. Noah, Harrier na RAV4 usizifunge tela la mifugo kabisa.

Na kama kazi yako ni ng'ombe sita au wanane kila wiki, acha habari ya tela. Nunua Canter yenye bodi ya mbao, uwapandishe juu. Uzito wote unakuwa juu ya ekseli za gari moja lenye breki zake, na hakuna kitu nyuma cha kukuyumbisha.

Hesabu inayosahaulika

Gari lina kikomo cha inachobeba lenyewe, mbali na inachovuta. Shingo ya tela inatakiwa kulalia gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wa tela. Kwa tela letu ni kama kilo 190. Chini sana ya hapo tela linayumba, juu sana linanyanyua mbele ya gari. Sasa weka watu watano ndani, kilo 375. Weka magunia manne ya korosho ya kilo 80 nyuma, 320. Ongeza shingo, jumla 885. Dabo kebini nyingi zinaishia kilo 900 hadi 1,000. Ukiongeza mzee mmoja aliyeomba lifti Nanganga na mizigo yake, umefika mwisho.

Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chasisi kwa bolti, pande zote mbili. Kilichochomelewa kwenye bampa usikikubali hata bure. Kichwa cha duara na kikombe cha tela viwe na kipimo kimoja. Milimita 50 ndicho kinachotumika zaidi. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo kitaonekana kimeshika hadi tuta la kwanza. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya shingo, ili shingo ikichomoka idakwe isichimbe lami.

Tairi za tela zinazeeka kwa jua kabla ya kuisha kashata. Soma namba nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita, badilisha. Beringi nazo zifunguliwe na kupakwa grisi kila kabla ya masika.

Ng'ombe wanavyopangwa, na mteremko

Wazito wakae mbele, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na nafasi iwe finyu kiasi cha kuwazuia kugeuka. Ukibeba mmoja peke yake, mweke upande wa kulia. Barabara imeinuka katikati, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mnyama aliye kushoto analivuta tela kuelekea bega la barabara. Wenye farasi Uingereza wanafanya hivyohivyo kwa sababu hiyohiyo.

Mteremko ushuke kwa gia uliyoitumia kuupandia, au ndogo zaidi. Breki za msukumo zinabaki zimebana muda wote tela linaposukuma, zinapata moto, na zikishapata moto zinaacha kushika. Simama katikati ya mteremko mahali penye nafasi, sogeza kiganja karibu na rimu za tela. Ukisikia moto kabla hujagusa, subiri zipoe. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, acha lipungue lenyewe. Kukanyaga breki ghafla au kuongeza mwendo ndiko kunakolipindua.

Masika yana habari yake. Mvua za Kimbunga Hidaya Mei 2024 ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, na pikapu ya tairi mbili zinazovuta yenye tela ndiyo ya kwanza kukwama kwenye tope la njia za mchepuko. Usinunue isiyo na kuvuta tairi zote nne.

Tela nalo lisajiliwe TRA lipate namba yake, bima itaje kwamba gari linavuta tela, na mifugo isafiri na kibali cha daktari wa mifugo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mtoke na tela lililopakiwa mawe au mifuko ya mchanga wa uzito ule ulioupima. Tafuta kilima, simama katikati, vuta hendibreki, ondoa mguu kwenye breki. Likishika, ondoka hapo kwa gia ya kwanza na unuse klachi. Kisha rudi chini kwa gia ya pili na usimame kwa breki mara tatu mfululizo. Kanyagio likizama zaidi mara ya tatu kuliko ya kwanza, mrudishie ufunguo.