Karthala au Mwali: siku chache za Komoro uzipeleke wapi?

Ukishuka Moroni, mji mkuu wa Komoro, una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda Karthala, volkano hai ya mita 2,361 iliyotawala kusini mwa kisiwa cha Ngazidja. Unaanza alfajiri ndani ya msitu wenye ukungu. Juu zaidi miti inageuka vichaka, kisha chini ya viatu linabaki jivu jeusi linalokwaruza kama mkaa uliosagwa, na mbele yako shimo la volkano limefunguka kwa kilomita kadhaa. Beba maji ya kutosha, kwani kisiwa hiki hakina mito; mvua yote inanywewa na mwamba. Usipande bila mwenyeji: ukungu ukishuka, njia haionekani.

Njia ya pili ni kisiwa cha Mwali, kidogo na kitulivu. Usiku kule kijijini Itsamia, kasa jike anajikokota mchangani, anachimba kwa mapezi ya nyuma, anataga, anafukia, anarudi baharini. Zima tochi, kaa kimya. Hifadhi ya bahari ipo tangu 2001.

Mwenye magoti mazima, mimi nasema Karthala kwanza. Ukiwa na watoto, nenda Mwali moja kwa moja, ila weka siku ya akiba kwa sababu ya usafiri.