Ndoo tatu za makombo: miezi mitano na vijana wa kuchachusha

Napika katika kantini ya hosteli hapa Kikoni, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Kila mchana posho (ugali), wali na matoke yanayobaki hujaza ndoo tatu. Zamani yote yalikwenda jalalani. Lakini tangu jalala la Kiteezi liporomoke Agosti 2024 na kufukia watu, kila nilipomwaga chakula roho iliniuma. Vijana wenye karakana ya kuchachusha makombo walipobisha hodi, niliwapa ndoo siku hiyohiyo. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Wanataka vyakula vya wanga tu. Mifupa na mafuta hawapokei. Wasaidizi wangu walinung'unika wiki ya kwanza, kisha wakazoea.

Niliomba kwenda kuona kazi yenyewe. Posho hupondwa na maji ikawa uji, ikapashwa moto, ikatiwa kimea cha ulezi, kilekile cha malwa, pombe yetu ya ulezi. Bakteria wengi wanaogandisha maziwa hawawezi kula wanga mzima. Kimea huukata uwe sukari. Nilionja kabla na baada: uji uliokuwa dufu ulirudi mtamu kama umekamuliwa muwa. Ukishapoa hutiwa bakteria, pipa likafungwa.

Hapo ndipo asidi laktiki inapozaliwa, ukali uleule wa mtindi. Tatizo ni kwamba ukali ukizidi huwalemaza bakteria wenyewe, kwa hiyo hutiwa unga wa chaki kuupunguza. "Mama, sogeza sikio," kijana mmoja akaniambia. Ndani ya pipa kulikuwa na mchachariko kama mafuta yanayopokea kitunguu: chaki inakutana na asidi, hewa inatoka. Mwishoni hutia asidi ya salfa, ile ya betri, kwa glavu na miwani. Jasi nyeupe hutuama chini, asidi laktiki ikabaki juu, ikachujwa. Ikisafishwa sana, asidi hii hutengenezewa hata plastiki inayooza. Haya yote kutokana na posho ya wanafunzi wangu! Nilirudi nyumbani nimefurahi mno.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu mbili. Msimu wa mvua walikosa kuja siku mbili mfululizo bila hata kupiga simu. Inzi walijaa mlangoni na wateja wakakereka. Pili, kila mwezi wananiletea jerikeni moja ya asidi laktiki ya kusafishia, ila haina maandishi ya kueleza ukali wake. Msaidizi wangu aliitumia bila kuizimua, na vidole vyake vyenye mikwaruzo ya kisu vikamchonyota hadi jioni. Ukiichanganya na maji mengi, inang'oa vizuri ukoga wa sabuni kwenye vigae. Nimewaomba wabandike lebo, na jerikeni ya mwezi huu imekuja na lebo iliyoandikwa kwa mkono.

Jumatatu nimewaongezea ndoo ya nne, ya maganda ya viazi.