SBRT kwa mzee mwenye COPD: tiba inafaa, kagua maandalizi ya kituo

Mzee mwenye saratani ya mapafu na COPD (ugonjwa sugu unaobana njia za hewa), aliyeambiwa kwamba mapafu yake hayatahimili upasuaji, mara nyingi hudhani hakuna cha kufanya tena. Kipo. SBRT ni mionzi ya dozi kubwa inayolenga uvimbe mdogo kwa vikao vichache, na kwa saratani isiyozidi sentimita 5 ambayo haijafika kwenye tezi za limfu, ndiyo tungeichagua kwanza kwa mgonjwa wa aina hii. Mionzi ya zamani ya vikao 30 na zaidi imepitwa: jaribio la CHISEL la Australia na New Zealand, lililochapishwa 2019, lilionyesha kuwa SBRT inaudhibiti uvimbe pale ulipo vizuri zaidi.

Tofauti kati ya kituo kizuri na kibovu huonekana siku ya CT (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa kompyuta) ya kupanga mionzi. Uvimbe hupanda na kushuka mgonjwa anapopumua, na ule ulio karibu na kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) unaweza kusogea zaidi ya sentimita 1. Inatakiwa CT ya 4D, inayofuatilia pumzi nzima. Mkanda wa kubana tumbo na kushikilia pumzi husifiwa sana, ila wagonjwa wengi wa COPD hawaviwezi. Bora mgonjwa apumue kawaida, eneo la mionzi lijumuishe mwendo wote, pamoja na nyongeza ya milimita 5 hivi kuzunguka. Kosa linalojirudia ni kupiga picha wakati kifua kimebana na mgonjwa anakohoa: pumzi ya siku hiyo haitafanana na ya siku ya tiba, na mionzi inaweza kukosa shabaha. Kifua kitulizwe kwanza.

Kulala chali, mikono juu ya kichwa, kwa nusu saa hivi ni kazi kwa mtu anayelala na mito mitatu. Godoro la ombwe linalochukua umbo la mwili linaweza kuinuliwa upande wa kifua, lakini liwe hivyo hivyo tangu CT hadi kikao cha mwisho. Dawa ya kuvuta itumike kabla ya kupanda mezani, na oksijeni ibaki puani. Mwenye bega linalouma ameze dawa ya maumivu mapema.

Kuhusu dozi, uvimbe wa pembeni mwa pafu hupewa Gy 54 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vikao 3. Ukigusa ukuta wa kifua, 48 kwa 4 au 50 kwa 5, kupunguza hatari ya mbavu kuvunjika miezi mingi baadaye. Ukiwa ndani ya sentimita 2 kutoka njia kuu za hewa, vikao 3 ni hatari. 60 kwa 8 ni salama zaidi. Kituo chenye dozi moja kwa kila mgonjwa tungekikwepa.

FEV1 (hewa anayoweza kutoa mtu kwa nguvu katika sekunde ya kwanza) ndogo peke yake si sababu ya kumnyima mtu tiba hii. Hata anayetumia oksijeni nyumbani anaweza kutibiwa. Mapafu yenye makovu ya fibrosisi ni habari nyingine kabisa. Hapo mionzi inaweza kuwasha mcharuko (mwako na kuvimba kwa mapafu) unaoua, na kituo kisichoitafuta fibrosisi kwenye CT kabla ya kupanga hakistahili kuaminiwa.

Baada ya tiba, uchovu huisha wenyewe. Kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 6 mara nyingi huchukuliwa kuwa COPD imechachamaa, mgonjwa akapewa antibiotiki juu ya antibiotiki. Huenda ni mcharuko wa mionzi, unaohitaji prednisoloni (dawa ya kutuliza mcharuko) inayopunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Kila daktari anayemwona aambiwe tarehe za mionzi. Kovu litakaloonekana kwenye CT hufanana sana na saratani iliyorudi. Likiendelea kukua baada ya miezi 12, ndipo PET (picha inayoonyesha seli zinazofanya kazi kwa kasi), na pengine kinyama (kipande kinachokatwa kwenda kupimwa), vinahitajika.