Minecraft au Warcraft III: kazi yako itabaki ya nani?

Kijana wa Lamu anayeunda ndani ya mchezo wa kompyuta mlango wa Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, nakshi na misumari yake, asome masharti ya mchezo huo kwanza. Kampuni ya Blizzard, ilipotoa mchezo wa Warcraft III: Reforged mwaka 2020, iliandika kwamba ramani na michezo unayobuni humo ni mali ya kampuni. Ukeshe usiku kucha, mwenyewe awe mwingine! Kwangu hiyo ni dhuluma.

Minecraft ni afadhali: modi, yaani programu ya kuubadilisha mchezo, uliyoiunda mwenyewe ni yako, ila huruhusiwi kuiuza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mbunifu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini ukibonyeza “nakubali” umeshaingia mkataba. Michoro yako ya awali ihifadhi nje ya mchezo, yenye tarehe.